Rangi Iliyokuwa Tamu

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kulamba rangi. Naisema hivyo hivyo ilivyo, maana nimechoka na watu wanaopamba mambo. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nakaa kwake Nyasho, mtaa wa Musoma, na yeye alikuwa fundi rangi wa vyuma: matangi, minara, mapaa ya viwanda. Siku yangu ya kwanza tulipanda juu ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda. Akabandua kigamba cha rangi nyekundu kwenye boriti, akakivunja kwa kucha, nusu akaweka kwenye ulimi wake, nusu akanipa mimi.

"Onja," akasema. "Ikiwa tamu, hiyo ni rangi ya zamani, rangi ya kweli. Imekishika chuma. Utaikwangua mpaka ulie. Ikiwa haina ladha ni hizi za siku hizi, inatoka na brashi tu."

Nikaonja. Ilikuwa tamu kweli, utamu wa mbali unaokuja nyuma ya ulimi ukishameza mate. Nikacheka, naye akacheka, na kuanzia siku hiyo sikupanda chuma chochote bila kuonja kwanza. Ndivyo tulivyokuwa tunakadiria kazi. Bosi wetu anauliza itachukua siku ngapi, kaka analamba, anafikiri kidogo, anasema tisa, na kweli zinakuwa tisa. Mafundi kutoka Mwanza walikuja na vitabu vyao vya vipimo wakamkuta mtu anapima kwa ulimi, wakabaki wanatazamana. Kaka alikuwa anajivuna kwa hilo, na mimi nilijivuna kwa sababu yake. Kila kijana aliyeingia kwenye kundi letu alionjeshwa siku ya kwanza, kama vile anapokewa nyumbani.

Tulikwangua kavu. Msasa, brashi ya waya, na baadaye zilipokuja grinda za umeme tukafurahi kama watoto, maana sasa siku tisa zilikuwa tano. Vumbi jekundu liliingia puani, masikioni, kwenye chapati tulizofunga kwenye gazeti. Tulifunga kitambaa mdomoni, kikiloa jasho tunakivua. Jioni ukitema mate yanatoka mekundu, na sisi tunataniana, huyu leo amechinja. Saa kumi bosi anakuja na dumu la maziwa. Kila fundi kikombe kimoja, maziwa mabichi ya asubuhi.

"Kunyweni," anasema. "Maziwa yanaosha kifua."

Na sisi ni watu wa ng'ombe. Nani kati yetu atakataa maziwa? Mimi nilikuwaga naona ni upendo. Nilikuwa namsifia kwa mama: huyu bosi si kama wengine, anatujali, anatunywesha maziwa. Nikikumbuka maneno hayo natamani nijizabe kofi.

Kaka alianza kuumwa tumbo. Lilikuwa linamkaza mpaka anajikunja kwenye mkeka kama mtoto, siku nne bila kwenda chooni. Halafu akapauka. Halafu ikaja mikono. Alikuwa akinyoosha mkono mbele, kiganja kinabaki kinaning'inia kinatazama chini, hakiinuki. Brashi ikawa inamponyoka. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinagonga meno. Tukampeleka zahanati, wakampa dawa za minyoo. Tukampeleka kwa mganga mmoja kule ndani, akasema kuna mtu anamuonea wivu. Kila mtu alikuwa na jibu.

Sasa, kaka yangu ni mtu wa kusali Jumamosi. Hajawahi kuweka pombe mdomoni, hata togwa alikuwa anaiuliza imekaa siku ngapi. Kanisani alikuwa shemasi, na kazi aliyoipenda kuliko zote duniani, kuliko hata rangi, ilikuwa kubeba sinia la vikombe vidogo siku ya Meza ya Bwana. Alikuwa anafua shati la siku hiyo mwenyewe, hamwachii shemeji. Jumamosi moja sinia likamponyoka mbele ya watu wote. Vikombe vikatapakaa mpaka kwenye viatu vya mchungaji. Alipoinama kuviokota, vidole havikushika kitu, akawa anavisukuma sukuma tu sakafuni, na kanisa zima linamtazama.

Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Baraza likamwita, likamwambia apumzike huduma kwanza. Kanisani walisema kwa upole, lakini Nyasho hawakuwa na upole. Shemasi mlevi. Anajifanya mtakatifu, kumbe usiku anakunywa gongo. Anatetemeka hivyo mtu ambaye hanywi? Mama mmoja muuza dagaa alimwambia shemeji wazi wazi sokoni, pole mwenzangu, waume wakianza hiyo ndiyo basi tena.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimnusa. Alikuwa amelala mchana kwenye kochi, mdomo wazi, nikainama nikamnusa kama mbwa. Sikusikia harufu yoyote. Unadhani nilimwamini? Nilisema moyoni, anaficha vizuri. Wiki iliyofuata yeye na shemeji wakafunga vitu wakarudi Mugango, nyumbani kwa wazazi wetu, mtu aliyepanda minara yote ya mkoa huu, akaenda kukaa ambako hawezi kuvuta wavu wala kushika jembe. Shemeji akawa anammegea ugali na kumtolea miba ya sato. Mimi nikabaki Nyasho na vyombo vyake, kikwangulio chake, brashi zake, na kikombe chake cha bati cha kunywea maziwa.

Miaka ikapita hivyo. Kisha tukapata kazi Butiama.

Ilikuwa shule ya bweni. Katikati ya uwanja kuna tangi kubwa la chuma limesimama juu ya miguu ya chuma, la zamani sana, rangi ya fedha juu na nyekundu chini yake, linabanduka magamba kama mti wa mpera. Chini ya tangi kuna mabomba, na hapo wasichana wanafua, wanaosha sahani, wanachota ya kunywa. Wafadhili wa mradi wa maji walikuwa wametoa rangi ya kupaka nje, na pamoja na rangi wakamtuma mtaalamu wao, dada mdogo tu, buti kubwa kuliko miguu yake. Aliniamkia vizuri na akawa ananiita baba.

Akatoa kichupa, akadondosha tone la dawa kwenye rangi nyekundu. Ilinuka kama yai viza. Pale palipoloa pakageuka peusi tukiwa tunaangalia.

"Baba, hii ina risasi," akasema.

"Risasi gani?"

"Yale madini mazito, kama yale wanayozamishia nyavu. Zamani walikuwa wanayachanganya kwenye rangi ya chuma ili isipate kutu. Ni sumu. Mkiikwangua kavu mnaivuta, inakaa kwenye damu, inaingia mpaka kwenye mifupa. Na vumbi lake likidondoka hapa chini, wanafunzi wanaila kwenye sahani."

Nikamuuliza, "Na ladha yake?"

"Wanasema ni tamu. Ndiyo maana watoto wanalamba madirisha ya zamani." Akanitazama. "Kwa nini, baba, kuna mtu ameionja?"

Nikamwambia hapana.

Akaendelea kueleza, na mimi nilimsikiliza. Rangi aliyoileta inakuja makopo mawili, unayachanganya, inakuwa nzito kama uji wa mgonjwa. Hiyo haitaki chuma king'ae. Unatandika turubai chini, unalowesha, unatoa kile kilicholegea tu kikiwa kimelowa, unaosha na sabuni, kikikauka unapaka. Inaishika ile rangi ya zamani na kuifungia chini yake isitoke tena. Na baada ya miaka, ukitaka kurudia, huna haja ya kukwangua. Unaosha, unapaka juu yake, unashuka. "Fundi atakayekuja baada yako hatakula vumbi," akasema.

Na hapo ndipo moto uliponipanda, maana nilishawahi kuifanya kazi hiyo. Makopo mawili, uji mzito, turubai, maji na sabuni. Niliifanya nyumbani kwa bosi, Musoma, miaka mingi nyuma, kaka akiwa bado mzima. Bosi alikuwa amelichukua tangi kuukuu kutoka kiwandani akalisimamisha nyuma ya nyumba yake, jekundu vile vile. Siku ile alikataa grinda. Alisimama pale mwenyewe kutwa nzima: lowesheni, msikwangue kavu, okoteni kila kigamba, naweni mikono kabla hamjaingia jikoni. Watoto wake walifungiwa ndani. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya maua ya mke wake. Nilishuka pale nikasema, bosi anapenda usafi. Jumatatu yake tukarudi Bunda, akatukabidhi grinda na dumu la maziwa.

Alijua. Hakukisia, hakusikia tetesi, alijua, na alikuwa na rangi ya kutuokoa ndani ya stoo yake.

Jioni ile nilichukua kikombe cha bati cha kaka kutoka kwenye mfuko wangu wa kazi, nikamwomba yule dada tone moja. Akadondosha ndani, kwenye mshono wa chini, mahali ambapo hata ukiosha hapaoshiki. Pakageuka peusi. Nikamuuliza sumu hiyo inafanya nini mikono ya mtu. Akasema yeye si daktari, lakini amesoma kwamba viganja vinaning'inia, na tumbo linakaza, na mtu anapauka. Akanipa maelekezo ya hospitali Mwanza ambako wanaweza kupima damu. Usiku sikulala. Alfajiri nikampigia shemeji, nikamwambia ampeleke kaka Mwanza, nauli natuma, asiniulize kitu.

Siku mbili baadaye yule dada alikuwa amekwenda Musoma, na bosi akatokea na gari lake limebeba jenereta na grinda nne. Nikatafuta yale makopo kwenye kibanda cha vifaa, hayapo. Nilijua yamekwenda stoo kwa bosi. Badala yake kuna ndoo za rangi ya fedha ya kawaida, ile ambayo mvua mbili inaondoka.

"Wageni wanakuja kuzindua mradi," bosi akasema. "Hiyo ya kuosha osha ni mambo ya Wazungu. Kwangueni, pakeni, tumalize."

"Bosi," nikamwambia, "lile tangi la nyumbani kwako tulilipakaje?"

Akatazama funguo za gari mkononi mwake. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa hata ya hasira, "Nyumbani ni nyumbani."

Nimetukanwa sana katika maisha yangu. Nimetukanwa na askari, nimetukanwa na makondakta, baba yangu mwenyewe alikuwa na mdomo. Sijawahi kutukanwa kama siku ile. Na kwa kuwa aliona sura zetu zimebadilika, bosi akafanya alichozoea kufanya. Akateremsha dumu la maziwa asubuhi ile ile, kabla ya kazi, akatumiminia mwenyewe, akiita kila fundi kwa utani wake. Mimi akanimiminia cha kwanza, kikombe kimejaa mpaka juu, bado kina povu.

Nikakimwaga chini.

Msomaji wa mbali ataona ni maziwa tu. Kwetu maziwa hayamwagwi. Mama yetu yakimmwagikia kwa bahati mbaya alikuwa ananyamaza mpaka jioni, na sisi watoto tulikuwa tunatembea kwa vidole. Kuyamwaga kwa makusudi, mbele ya aliyekupa, ni kumwambia wewe na mimi tumemalizana. Yalitawanyika kwenye vumbi karibu na viatu vyake, na wenzangu wanne wakarudi nyuma hatua moja kama vile nimechomoa panga. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nilifikiri, haya, na mimi wataniita mlevi.

Hakuna mwingine aliyemwaga. Lakini mmoja akaweka kikombe chake chini bila kunywa. Wa pili akaweka. Wakakaa juu ya ndoo za rangi, wote wanne, hawapandi. Bosi akaanza kupiga kelele, na kelele zile ndizo zilizomtoa mwalimu mkuu ofisini. Mama mfupi, miwani kichwani, kalamu bado mkononi. Akaona maziwa ardhini, akasimama.

"Nani kamwaga?" akauliza.

"Ni mimi, mwalimu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza mbele ya bosi na mbele ya wenzangu, na safari hii sikuficha. Nilisema vumbi, nilisema sahani za wanafunzi, nilisema makopo yaliyopotea na tangi la nyumbani kwa bosi. Nilisema na kulamba, kwamba tumelamba sote, kwamba kaka yangu ana mikono iliyokufa na amevuliwa ushemasi kwa ulevi wa pombe ambayo hajawahi kunywa. Nilipofika hapo nililia, na ilinikera sana kulia mbele ya yule mtu.

Mwalimu mkuu hakupandisha sauti. Akamwambia bosi, "Hapa hakikwanguliwi kitu kikavu juu ya wanafunzi wangu. Makopo ya wafadhili nayataka kesho asubuhi. Yasipokuwepo nawapigia wenyewe." Bosi akasema maneno mengi, akapakia grinda zake akaondoka. Kesho yake saa tatu makopo yalikuwa kwenye kibanda, na dereva aliyeyaleta hakushuka hata kwenye gari. Mimi bosi hajanipigia simu tena mpaka leo, na asinipigie.

Tulilipaka tangi lile kama alivyosema yule dada aliporudi. Turubai chini, bomba la maji, sabuni, barakoa za kweli zenye vichujio pembeni, kila kigamba ndani ya mfuko mzito. Kabla ya chai, mikono na sabuni mpaka kwenye kiwiko. Jioni nilitema mate nikayatazama. Yalikuwa meupe. Nilipaswa kufurahi, lakini niliketi juu ya jukwaa hasira zinanisonga, maana ilikuwa rahisi kiasi kile. Maji, sabuni, turubai, na makopo mawili. Hicho tu ndicho kilichokuwa kimesimama kati ya kaka yangu na mikono yake.

Majibu ya damu yalichukua muda. Yalipotoka nilikwenda Mwanza kuyachukua mwenyewe. Daktari aliandika kwa ufasaha kabisa: risasi kwenye damu, ya muda mrefu, na kwamba udhaifu wa mikono unatokana na hiyo. Alisema kuna dawa ya kuitoa kidogo kidogo, ila mikono isiahidiwe kitu. Nikaiomba karatasi ile, nikaiweka mfuko wa shati, nikapanda basi. Njia nzima mpaka Bunda nilikuwa naongea peke yangu. Nilipanga kwenda kanisani Jumamosi, nisimame katikati ya ibada, niisome kwa sauti, neno kwa neno, mpaka wale wazee wa baraza watafute pa kuweka macho. Nilipanga kupita kwa yule mama wa dagaa. Lakini kwanza Mugango, maana jina lililochafuliwa ni lake, na yeye ndiye wa kwanza kurudishiwa.

Nilimkuta amekaa kwenye stuli nje ya jiko, mikono imelala mapajani. Shemeji akatuletea chai, ya kaka kwenye kikombe chenye mrija. Nikaanza na Butiama. Nilipofika kwenye maziwa akanikatiza.

"Umeyamwaga?"

"Nimeyamwaga, kaka."

"Maziwa? Makusudi?" Akatikisa kichwa. "Mama angekuwepo angekufukuza hapa."

Shemeji akacheka, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kisha nikatoa karatasi nikamsomea. Nikamweleza rangi nyekundu ilikuwa na nini ndani yake, na utamu ule ulikuwa nini. Nikamwambia, si pombe, kaka, wala si kulogwa. Imeandikwa hapa, ina muhuri. Jumamosi tunakwenda kanisani wote watatu. Shemeji akafunika uso kwa kanga. Mimi nikamsubiri kaka. Nilikuwa nimengoja siku ile kwa hamu, nione uso wake ukifunguka.

Hakuitazama karatasi. Alitazama ziwa, akasema, "Ile tamu."

"Ndiyo."

"Ile niliyokuwa nawaonjesha."

Kwetu tunahesabu kwa kuinua vidole, na vyake haviinuki. Akanyanyua mkono wa kushoto kutoka kwenye paja, ukaning'inia, akaniletea. "Nishikie," akasema. Nikaelewa anataka nini. Nikakishika kidole chake kidogo nikakinyoosha.

"Yule mrefu wa Bunda," akasema.

Nikanyoosha cha pili.

"Wa Nyamuswa, aliyeoa juzi juzi." Cha tatu. "Mdogo wake shemeji yako." Shemeji akaondoa kanga usoni. Cha nne na cha tano walikuwa wale mapacha, ambao mmoja wao ameacha kazi kwa sababu ya tumbo, na sote tulikuwa tunasema ni uvivu. Akaniletea mkono wa pili. Cha sita alikuwa fundi mmoja aliyehamia Tarime, ambaye hatuna hata namba yake.

Mkono wake ukabaki ndani ya mkono wangu. Nikadhani amemaliza.

"Na wewe," akasema, akangoja ninyooshe cha saba.